Donge la jibini kwa mgeni aliyewahi

Kadi ya mwaliko imeandikwa saa 12 jioni. Mkazi yeyote wa Dar es Salaam akiisoma anajua hesabu yake: MC atashika kipaza sauti saa 2 usiku, kamati itatambulishwa, keki itakatwa, ndugu watapita na zawadi wakicheza ukumbi mzima, na chakula kitafunguliwa saa 4 kama mambo yamekwenda vizuri. Wengi wetu tunajipanga kufuata saa hizo za kweli na kuiacha ile ya kwenye kadi. Lakini katika kila shughuli niliyowahi kusaidia wapo watu waliofika saa 12 kamili.

Ukiwaangalia vizuri, hawa si watu waliokosa cha kufanya. Ni shangazi aliyetoka Mbagala saa 9 alasiri akihofia foleni. Ni mzee wa Gongo la Mboto aliyebadilisha daladala mara mbili akiwa ndani ya suti. Ni mwalimu aliyemfundisha bibi harusi darasa la tatu, akauona mwaliko ule ni heshima isiyofaa kucheleweshwa. Wanakaa kwenye viti vilivyofungwa vitambaa, mafundi wa muziki wakijaribu spika, na mbele yao kuna chupa ya maji na maua ya plastiki. Mimi naamini mgeni anayewahi ndiye anayekupenda zaidi, au angalau ndiye anayeiheshimu zaidi kadi yako, na kumkalisha saa nne nzima bila kutia kitu mdomoni ni kumkosea. Kwa hiyo nikiombwa kusaidia chakula cha shughuli, pilau sianzi nalo. Naanza kujiuliza ni kitu gani kitakuwa mezani saa 12 kasorobo.

Kwa muda mrefu sasa jibu langu limekuwa donge la jibini.

Najua utaniuliza kuhusu sambusa. Nazipenda sambusa, pamoja na kachori, katlesi, kababu na bagia za dengu. Hivyo ndivyo vitafunwa tulivyokulia, na siku hazitafika ambapo shughuli ya Pwani itafanyika bila hivyo. Tatizo ni saa na jiko. Vyote vinataka mafuta ya moto, na mafuta ya moto yanatakiwa wakati uleule masufuria ya pilau yameshika mafiga yote, mtu mmoja anapepea mkaa wa kuku na mwingine anatafuta sinia. Ukikaanga mapema vinapoa na kulegea. Halafu vinahesabika. Mhudumu amepewa maelekezo kwamba kila mtu apate sambusa mbili na kababu moja, na mgeni anajua anahesabiwa. Sahani ikipita mbele yake anachukua kwa aibu, anakula haraka, anarudi kwenye chupa yake ya maji. Nimeona pia wanawake wanaovifunga vyao kwenye tishu wawapelekee watoto nyumbani, nami siwalaumu hata kidogo, ila hapo mwenyewe amebaki na njaa.

Donge la jibini halihesabiki. Ni jibini laini lililochanganywa na jibini gumu lililokunwa, likatiwa viungo, likafinyangwa mviringo, likalazwa kwenye friji hadi likashikamana, kisha likaviringishwa kwenye korosho zilizopondwa. Linakaa katikati ya sinia na kisu kidogo ubavuni. Pembeni unapanga vitu vya kupakia: kaukau za muhogo, vipande vya chapati vilivyokaushwa, matango, karoti. Kila mtu anakata anapotaka, kiasi anachotaka, na hakuna anayejua jirani yake amekula mara ngapi. Meza nzima inakula sehemu moja, kama tunavyokula nyumbani kwenye sinia, na watu wasiofahamiana wanajikuta wanasogezeana kisu.

Asili yake ni Marekani. Kuna wanaolianzishia mbali, mwaka 1801, pale wakulima wa mji wa Cheshire, jimbo la Massachusetts, walipokusanya maziwa ya ng'ombe wao wakatengeneza jibini moja la zaidi ya kilo 550 kwa ajili ya Rais Thomas Jefferson, nalo likafikishwa kwake siku ya Mwaka Mpya wa 1802. Tukio hilo ni la kweli na ni zuri, ila mimi silioni kuwa mwanzo wa donge hili. Lile lilikuwa jibini la kushindiliwa kwenye shinikizo. Hili halitaki shinikizo wala miezi ya kukomaa. Kwa maoni yangu mwanzo wake uko kwenye mambo mawili: jibini la krimu, lililoanza kutengenezwa jimbo la New York katika miaka ya 1870 na kuuzwa kwa jina la Philadelphia kuanzia 1880, na friji kuingia katika nyumba za watu wa kawaida. Bila friji donge halisimami. Ndiyo maana lilishamiri huko Marekani katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pale mwenye nyumba alipoweza kulitengeneza jana yake na kulitoa wageni wakibisha hodi.

Sifa hiyo ya kutengenezwa jana yake ndiyo iliyonivuta. Siku ya shughuli jikoni hakuna nafasi ya jambo jipya, na donge linakuwa limekwisha karibu kazi zake zote usiku wa kuamkia. Linakungoja.

Sasa tuje kwenye mtindi, maana hapo ndipo donge la Dar linapoachana na la Marekani. Jibini la krimu linapatikana kwenye supamaketi zetu, lakini ni la kuagizwa, pakiti ndogo na bei kubwa. Mtindi uko kila mahali. Ule wa Tanga Fresh na ule wa Asas wa Iringa unafika hadi kwenye duka la mtaani, na ukiuchuja maji yake vizuri unabaki na kitu kizito, cheupe, chenye uchachu, kinachopakika kama jibini la krimu na, mdomoni mwangu, kina ladha zaidi. Watu wa Lebanoni, Siria na Palestina wanafanya hivyo tangu zamani. Wanaita labneh, wanaifinyanga vidonge na kuihifadhi ndani ya mafuta ya zeituni. Kwa hiyo njia hii imekwisha kujaribiwa na vizazi vya watu wa nchi za joto.

Nunua lita 2 za mtindi mzito usio na sukari wala ladha ya stroberi. Soma pakiti. Ikiwa imeandikwa kuna wanga au jelatini, iache, kwa sababu vitu hivyo vinashika maji na utachuja hadi kesho kutwa bila mafanikio. Chukua kitambaa safi cha pamba, chepesi lakini kilichofumwa vizuri. Mimi nina kipande cha kanga iliyochakaa, iliyofuliwa na kuchemshwa, kisichofanya kazi nyingine yoyote. Kitandaze ndani ya chujio, weka chujio juu ya bakuli refu, mimina mtindi, ongeza nusu kijiko cha chai cha chumvi, kunja pembe za kitambaa juu yake, kisha weka sahani na kitu kizito kidogo. Ingiza vyote kwenye friji. Wapo wanaoning'iniza kitambaa juu ya sinki usiku kucha, na kwa watu wa Njombe au Lushoto sina neno, lakini kwa joto la Dar mtindi utaendelea kuchacha na asubuhi utakuta umekuwa mkali kupita kiasi. Friji, siku nzima na usiku wake.

Maji yatakayojikusanya kwenye bakuli, yale ya rangi ya kijani cha mbali, usiyamwage. Kandia unga wa chapati. Chapati hizohizo utazihitaji baadaye, na zinatoka laini zenye chumvichumvi nzuri.

Lita 2 zinaweza kukupa nusu kilo ya jibini laini, au zaidi kidogo kulingana na uzito wa mtindi wenyewe. Pima gramu 500. Upungufu wa jibini hili ukililinganisha na la krimu ni mafuta: la krimu lina mafuta kama theluthi moja ya uzito wake, la mtindi lina machache, na mafuta ndiyo yanayoganda kwenye baridi na kulifanya donge lisimame wima. Kwa hiyo ongeza gramu 50 za siagi halisi ya maziwa, iliyolainika. Blubandi haifanyi kazi hii vizuri. Inabaki laini hata kwenye friji, na ladha yake inajitokeza mno. Halafu jibini gumu, gramu 250. Cheddar ndiyo ya kawaida. Ukipata jibini lililokomaa kutoka Nyanda za Juu Kusini, Njombe kwa mfano, ambako Waitaliano walisaidia kujenga kazi hiyo ya jibini, chukua hilo. Likune mwenyewe kwa tundu ndogo za greta likiwa baridi. Lile linaloletwa limekwisha kukunwa ndani ya mfuko limepakwa unga unga ili lisishikane, na wewe unachotaka ni lishikane.

Viungo nitavisema kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo watu wanapoliharibu donge kwa kuwa waoga. Jibini la baridi linaficha ladha. Ukionja mchanganyiko ukiwa na joto la chumba ukasema umekolea sawasawa, kesho ukitoka kwenye friji utakuwa umepooza. Ukolee kidogo kupita unavyopenda. Mimi natwanga punje mbili za kitunguu saumu na chumvi kwenye kinu hadi ziwe uji, na sizidishi, kwa kuwa kitunguu saumu kibichi kinazidi ukali kikilala. Kijiko cha chai cha bizari nyembamba nakikaanga kikavu hadi harufu ijae jikoni, nakitwanga. Pilipili manga naiponda chengachenga ili mtu aikute chini ya jino. Pilipili mbuzi moja, mbegu zimetolewa, imekatwakatwa ndogo kabisa. Majani ya giligilani, kiganja kizima. Ganda la ndimu lililokunwa, ile sehemu ya kijani tu.

Kitunguu maji kibichi sikitii. Kinatoa maji usiku kucha na asubuhi donge linalia kwenye sahani. Kitunguu jani kilichokaushwa vizuri baada ya kuoshwa kinatosha.

Na ukwaju. Mapishi mengi ya Marekani yanataka sosi ya Worcestershire, ile ya Uingereza inayouzwa tangu 1837. Ukisoma kibandiko cha chupa yake utakuta siki, molasi, kitunguu saumu, samaki wadogo wa chumvi, na utakuta ukwaju. Siku nilipousoma mstari huo nilifurahi sana jikoni peke yangu. Ladha wanayoitafuta kwa chupa, ule uchachu mweusi wenye utamu kwa mbali, sisi tunaununua kwa mafungu sokoni na kuunywa juisi. Loweka ukwaju kwa maji moto machache, ukande, uchuje, kisha uchemshe kwa moto mdogo na sukari kiasi kidogo sana hadi uwe mzito na kung'ang'ania kwenye kijiko. Uache upoe kabisa. Kijiko kimoja cha chakula kwa donge zima, basi. Ukizidisha, mchanganyiko unalegea na rangi inakuwa ya udongo. Anayependa ladha ya bahari anaweza kuongeza dagaa wakavu wachache waliokaangwa na kusagwa unga, kwa kuwa baadhi ya dagaa wa bahari yetu ni wa ukoo mmoja na samaki wale wa kwenye chupa. Mimi nafanya hivyo kwa watu wa nyumbani tu. Kwenye shughuli siwezi kujua nani hali samaki.

Changanya kwa mwiko, usisage kwenye blenda. Blenda inalivunja na kuligeuza rojo. Unataka chembe za jibini gumu zionekane ndani ya jibini laini. Mega kidogo kwa donge dogo la tatu nitakalolieleza baadaye, kinachobaki gawanya sehemu mbili sawa, kila moja itakuwa karibu gramu 400. Tandaza nailoni ya kufungia chakula, weka sehemu moja katikati, kusanya pembe, izungushe kwa nje ya nailoni hadi iwe mviringo. Usihangaike liwe duara kamilifu. Litajikaza lenyewe kwenye baridi na utalirekebisha kesho. Usiku kucha ndani ya friji.

Kwa nini mawili badala ya moja kubwa la kupendeza? Kwa sababu ya joto letu. Maelekezo ya usalama wa chakula yanayofuatwa na wengi ni kwamba chakula cha maziwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, saa moja. Ukumbi wa wazi wa Dar mwezi Februari, watu wamejaa, taa zinawaka, unafika hapo bila shida. Kwa hiyo moja linatoka saa 12 kasorobo, lingine linabaki kwenye baridi hadi la kwanza liishe au muda wake upite. Chini ya sinia naweka sinia lingine lenye barafu iliyopondwa na kitambaa juu yake. Ukumbi usio na friji, donge linasafiri ndani ya deli lililojazwa barafu, likiwa kwenye bakuli lenye kifuniko kisichoingiza maji. Umeme ukikatika usiku na donge liko ndani, usifungue friji kuchungulia. Friji iliyofungwa hutunza baridi kwa saa nne hivi, na kila ukifungua unaipoteza.

Jambo jingine la usalama nalisema bila kuzungusha: mtindi na jibini vitokane na maziwa yaliyopita kiwandani au yaliyochemshwa. Mtindi wa maziwa ghafi ni mtamu, nimelelewa nao, lakini ndani ya ukumbi kuna wajawazito na wazee, na magonjwa kama brusela hupita kwenye maziwa ghafi. Nyumbani kwako amua mwenyewe. Kwa wageni, hapana.

Korosho nazifuata Kariakoo, kwa mama mmoja ambaye tumezoeana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo nikupimie nzima au vipande?"

"Vipande, mama. Naenda kuviponda."

"Basi onja kwanza. Ikikulainikia mdomoni imekunywa hewa ya bahari, usiichukue hata kama ni yangu."

Nampenda kwa sentensi hiyo. Vipande ni bei nafuu kuliko korosho nzima na ladha ni ileile, na kwa kuwa utaziponda hakuna maana ya kulipia umbo. Marekani donge huviringishwa kwenye pikani, tunda la mti wa asili ya kwao, nazo ni tamu. Korosho ni laini zaidi na ina utamu wa siagi unaopatana vizuri na uchachu wa mtindi. Mkorosho nao ulitoka Brazil, ukaletwa na Wareno katika karne ya 16, lakini leo Mtwara, Lindi na Ruvuma zinaishi kwa zao hilo, na hata Mkuranga, hapo nje ya mji, utakutana nao barabarani. Sehemu kubwa ya mavuno husafirishwa ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam kubanguliwa huko. Ndiyo maana kila kilo iliyobanguliwa hapa, ikanunuliwa hapa na kuliwa hapa, mimi naiona ni jambo la kufurahia. Msimu unaanza kwenye Septemba na Oktoba na kwenda hadi Januari, sambamba kabisa na harusi za mwisho wa mwaka.

Kaanga vipande hivyo bila mafuta kwenye kikaango kizito, moto mdogo, ukigeuza bila kuondoka. Korosho haikusubiri, ikianza kupata rangi, ndani ya dakika imeungua. Zitandaze zipoe kabisa. Korosho za vuguvugu zinayeyusha uso wa donge na kuteleza. Ziponde kwa mchi hadi nyingine ziwe kama chenga za mchele na nyingine kubwa kidogo, changanya na giligilani kidogo na pilipili manga. Donge livishwe dakika za mwisho, pale pale ukumbini ikiwezekana. Lililovishwa usiku linaamka na korosho zilizolowa, na hapo umepoteza nusu ya raha, ule mlio wa korosho chini ya jino kabla jibini halijayeyuka. Daima tengeneza na donge dogo la tatu lililoviringishwa kwenye majani ya giligilani na kitunguu jani tu, liwe kwenye sahani yake na kisu chake, kwa ajili ya mwenye mzio wa korosho. Lisigusane na mengine.

Pembeni, kaukau za muhogo ndizo bora kuliko vyote. Ni ngumu, hazivunjiki zikichota, na hazina ladha ya kushindana na jibini. Biskuti za dukani zinavunjika mtu akiwa amevaa nguo yake ya shughuli. Chapati zikate pembetatu, zikaushe kwenye kikaango bila mafuta. Kwenye Novemba na Desemba naongeza vipande vyembamba vya maembe mabichi, na naomba uamini hilo hadi utakapojaribu.

Kamati moja ya harusi iliwahi kunibana kuhusu mpango huu. Mweka hazina alitaka kujua ni kwa nini meza tatu tu zipate donge wakati meza ni nyingi, na waliochelewa watasema nini. Nikamwambia meza tatu ndizo zinazojaa kabla ya saa 1, na donge moja la gramu 400 linatosha watu wanane hadi kumi vizuri. Sikuona haja ya kumpa kitafunwa cha kusubiria mtu ambaye hakusubiri. Akafikiri kidogo, akaandika.

Katika shughuli hiyo, pale Tabata, mama mkubwa wa bwana harusi alikuwa wa kwanza kufika. Nilipoweka sinia aliliangalia donge muda mrefu.

"Hii ni kitu gani, mwanangu?"

"Ni jibini, mama mkubwa. La mtindi na korosho."

"Mtindi ndio unakatwa kwa kisu hivi?"

Akakata kidogo, akaweka juu ya muhogo, akala kimya. Akakata tena, mara hii kubwa. Alipokuja mgeni wa pili, mwanamke asiyemjua kabisa, mama mkubwa akamvutia kiti na kuanza kumweleza: huu ni mtindi, umechujwa, hizi ni korosho, chota na muhogo, usichote na tango, tango lina maji. Wakati MC anashika kipaza sauti wale wawili walikuwa wamegundua kwamba wote wana wajukuu Kibaha na wanasali mtaa mmoja.

Kwenye meza hiyohiyo jirani mmoja, mtu wa dini, aliniita pembeni kwa upole akauliza jibini hili limegandishwa kwa kitu gani. Ni swali zuri na kila anayeandaa chakula Dar anapaswa kuwa na jibu lake kabla hajaulizwa. Jibini gumu hugandishwa kwa renneti, na renneti ya asili hutolewa kwenye tumbo la ndama. Mwislamu ana haki ya kujua ndama huyo alichinjwa vipi. Viwanda vingi siku hizi hutumia renneti inayotokana na vijidudu, na pakiti huandika kwamba jibini linafaa kwa wasiokula nyama, au ina alama ya halali. Nanunua hizo tu, na kibandiko nakitunza ili nikionyeshe. Sehemu ya mtindi haina renneti kabisa, imegandishwa na uchachu wake wenyewe. Kwa sababu hiyohiyo sifuati mapishi yanayotia vipande vya nyama ya nguruwe, hata shughuli ikiwa ya kipaimara. Nilimwonyesha kibandiko. Akarudi mezani akakata.

Wapo pia watakaosema maziwa yanawasumbua tumbo. Usiwashurutishe, lakini unaweza kuwaeleza kwamba kinachosumbua wengi ni sukari ya maziwa, na katika donge hili imepungua: sehemu imeliwa na bakteria wa mtindi, nyingine imetoka na maji uliyoyachuja, na jibini gumu lililokomaa linabaki nayo kidogo sana. Wengine hula bila shida. Wengine watakaa na karoti zao, na ni sawa.

Ikitokea donge la pili halikuguswa na halikutoka kwenye baridi, litakaa siku tatu nne kwenye friji. Lichanganye ndani ya viazi vilivyopondwa vikiwa bado moto, au lipake katikati ya chapati mbili uzikaange pande zote hadi jibini gumu livutike. Lile lililokuwa mezani, lililopitiwa na visu vya watu kumi na joto la ukumbi, lisirudi nyumbani hata likiwa limebaki nusu. Sinia lioshwe hapohapo kwa maji moto, kabla mafuta ya jibini hayajaganda, maana yakiganda sabuni ya unga haiyatoi.